Bwana Afya na Jalala Letu

Nilimwona mgongo kabla sijamwona uso. Alikuwa ameinama nyuma ya jiko letu kule Lupepo, shati jeupe pee, suruali ameikunja hadi chini ya magoti kwa sababu ya tope, kijiti mkononi, anachokoa jalala. Hodi hakupiga. Mama mkwe wangu akatoka na mwiko wake, akamuuliza kama kuna kitu amepoteza huko. Yule mtu akajinyoosha taratibu, akamsalimu kwa lugha yetu, "Ugonile, mama," kwa matamshi ya mtu wa kuja, kisha hata hakungoja kuitikiwa.

"Papai mnakula?" akauliza.

"Tunakula kila siku," akajibu mama mkwe.

"Na maganda mnayatafuna?"

Huyo ndiye Bwana Afya wetu. Jina alikuwa nalo, lakini sisi hatukulitumia, na mimi sitaanza leo. Nisikudanganye, sikumpenda. Kwetu mtu anayechokoa takataka za wenzake ana lake jambo. Nywele zako ulizokata, kitambaa ulichofutia uso, mabaki ya chakula chako, hivyo ni vitu vya kufukia, si vya kumwachia mgeni mwenye kijiti. Wengine walisema ni mchawi aliyeajiriwa. Wengine walisema anatafuta nani ana mali ili kodi ipande. Wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye alikuwa bado hajaolewa na tulikuwa tunalala naye nyumba moja, alisema anapeleleza nani anakula nyama bila kugawia jirani. Mimi niliamini yote matatu.

Yeye mwenyewe alikuwa na neno moja alilolirudia mpaka watoto wakawa wanamuigiza: "Mdomo una adabu, jalala halina." Maana yake, ukimuuliza mtu anakula nini atakutajia vinono, kwa heshima yako na yake. Jalala litakuambia kweli. Alikuwa hamwamini mtu yeyote, na sijui kama alijiamini mwenyewe. Ukimwambia umechemsha maji, ananusa kikombe kama kina harufu ya moshi. Ukimwambia watoto wamenawa uso, anamvuta mmoja, anampangusa pembe ya jicho kwa kidole, kisha anakitazama kile kidole muda mrefu huku mama wa mtoto anatamani ardhi impasukie.

Kazi yake ilikuwa vyoo, visima na mabucha, kama wenzake wote. Lakini ugonjwa wake ulikuwa macho. Sijui nani alimpa kazi hiyo. Akiingia jikoni, kwanza anatazama juu moshi unatokea wapi, halafu anamtazama mpishi macho yake yalivyo mekundu, halafu anatikisa kichwa. Taulo la nyumba alilinyanyua kwa vidole viwili. "Watu saba, taulo moja," alimwambia mama mkwe. "Hii ndiyo posta ya macho mekundu. Kila mmoja anampelekea mwenzake barua." Mtoto akiugua macho, nasi tukimkamulia majani au maziwa ya mama kama tulivyofundishwa, Bwana Afya anakasirika mpaka anapata kigugumizi. Alisema jicho si kidonda cha mguu, usilitie kitu usichokijua, lioshe kwa maji safi upeleke mtoto zahanati. Kuhusu mboga alikuwa na neno lake pia. Mboga bila mafuta, alisema, ni majani tu, ng'ombe naye anayala. Ukipika mchicha au majani ya maboga utie mafuta, na kama unapata mawese ya Kyela, yale mekundu, hayo ndiyo mafuta ya macho.

Hapo ndipo tulipozidi kumshuku. Wakati ule biashara ilikuwa imefunguliwa, kila kitu kinaingia. Mafuta meupe ya kopo yalikuwa ndiyo ustaarabu, mawese tukawaachia watu wa bondeni. Sasa huyu mtu wa ofisi anatuambia turudi kwenye mawese. Tukasema hakosi kuwa na shemeji anayeuza mawese.

Na hebu nikuambie tulivyokuwa tunaishi, maana ndiko ubaya ulikotokea. Malori ya wafanyabiashara yalikuwa yanafika hadi njia panda yetu. Mkungu wa ndizi unauzika, karoti inauzika, yai linauzika, maziwa yanauzika, hata majani ya maboga yalifungwa mafungu yakapelekwa sokoni Tukuyu. Mume wangu alikuwa anapakia ndizi kwenye malori hayo, wiki nzima yuko Mbeya. Mama mkwe alikuwa anataka bati, na mimi nilikuwa nalitaka kuliko yeye. Kila kilichoiva tulikiuza. Tukabaki tunakula ugali wa sembe nyeupe ya mashine mpya, na maharage, na chai kavu, tena kwa majivuno, maana sembe nyeupe ni ya watu wa mjini. Ndiyo maana yule mtu alipouliza habari ya maganda ya papai, mama mkwe aligeuka akaingia ndani. Mapapai yetu yalikuwa kwenye lori.

Sasa kuna jambo la kwetu lazima ulijue. Kwa Wanyakyusa, mke hamtazami baba wa mume wake. Hamsogelei, hamtaji jina, hakutani naye njiani. Ukimwona anakuja unaacha njia, unajifunika khanga, unainama migombani mpaka apite. Watu husema macho hayana pazia, lakini ya mkwe lazima yawe nalo. Siku zile wapo waliokuwa wamelegeza, hasa wa mjini. Nyumbani kwetu hakuna aliyelegeza. Baba mkwe wangu alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, na mila hiyo aliishika sawasawa na Amri Kumi.

Nami nilimgonga. Jioni moja, nikiwa na mimba ya miezi minne, nilikuwa natoka kisimani nikamwingia mzee kifuani na ndoo yangu, maji yakammwagikia mpaka miguuni.  Siku ya pili wazazi wangu waliitwa kutoka Kinyala, wakaja na kuku na aibu yao, wakaniombea msamaha. Nikasamehewa. Lakini mama mkwe aliniambia wazi, mbele ya mama yangu mzazi, "Mara moja ni ajali. Ya pili utarudi kwenu, na mtoto utamzalia huko."

Ilikuwa hivyo. Na mimi peke yangu nilijua kwamba ya pili inakuja, kwa sababu jioni nilikuwa sioni. Mchana nilikuwa naona mpaka siafu. Jua likishazama nyuma ya mlima, wenzangu wakiwa bado wanachambua maharage barazani, mimi kwangu mlango umefungwa. Umewahi kumtazama kuku jioni? Anatembea vizuri, ghafla anaanza kupapasa ukuta. Nikawa kuku. Nilihesabu hatua za kutoka jikoni hadi nyumbani, nilijua kwa mguu ni wapi pana jiwe. Sikumwambia mtu, hata mume wangu. Mke asiyeona anarudishwa upesi kuliko mke asiye na adabu, ndivyo nilivyofikiri. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi sikuogopa kifo, niliogopa Kinyala.

Basi Bwana Afya alikuwa wa hatari kwangu kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Alikuja mara ya pili, akachokoa, akanikuta nafua. Akanitazama tumbo, akatazama jalala.

"Mama, jioni unaona?"

"Naona."

"Kama mchana?"

"Kama mchana."

Akarudi kuchokoa jalala. Nikasema moyoni, huyu ametumwa na mzee. Nani mwingine angejua cha kuuliza? Siku hizi najua kwamba wajawazito wanaokula vyakula vyeupe vitupu hupatwa na jambo hilo, na kwamba yeye aliwauliza wote. Wakati ule sikujua. Alipokuja mara ya tatu na kuuliza swali lile lile, nilikwenda kwa mama mkwe nikamwambia kwamba Bwana Afya ananiuliza maneno yasiyofaa kuulizwa mke wa mtu. Sikusema maneno gani. Nilimwachia ajaze mwenyewe, naye alijaza. Bwana Afya akapigwa marufuku kukanyaga kwetu, na habari ikatembea mpaka Tukuyu. Wanawake wakawa wanaita watoto ndani wakimwona.

Usidhani nilijuta hapo. Nilijipongeza. Nami nilikuwa na sababu zangu za kuendelea kumshuku, maana mtu yule matendo yake na maneno yake hayakulala kitanda kimoja. Nilimwona kwa macho yangu, mchana wa gulio, kwenye mgahawa pale Tukuyu. Ameletewa wali, nyama na mchicha. Ule mchicha aliusukuma kwa kijiko mpaka ukingoni mwa sahani, ukakaa pale kama mtoto aliyeadhibiwa. Nyama akala, wali akala, akawasha sigara. Mwenye mgahawa akamtania, akamwambia Bwana Afya, mbona wewe huli dawa yako? Akajibu bila kuona haya, "Mimi nimeajiriwa kusema, sikuajiriwa kutafuna."

Siku hiyo hiyo nikamwona sokoni kwa muuza miwani. Mitumba ilikuwa imeingia na miwani ya mitumba, imemwagwa juu ya gunia, wazee wanavaa na kuvua, wanachagua inayopendeza. Bwana Afya alisimama pembeni na sindano na uzi. Kila mzee aliyechagua miwani anampa atunge uzi. Asiyeweza, anaambiwa, "Hiyo si yako, ya marehemu fulani, nenda hospitali wakupime." Muuzaji alimfukuza kwa matusi. Akaondoka hatua kumi, akasimama, akaendelea. Mimi nikamwambia wifi yangu, huyu lazima ana duka lake la miwani mahali. Duka hatujaliona mpaka leo.

Na ya pili ikaja. Ilikuwa Jumatano, jua limezama, ukungu umeshuka. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda chake chini ya mparachichi, mahali ambapo hakai kamwe. Mimi nikapita nikamwangukia mapajani. Nilisikia sauti ya koo lake tu. Nilikimbia nikigonga migomba. Mama mkwe hakupiga kelele hata kidogo. Alisema Jumamosi wazee watakaa, na wazazi wangu waitwe waje na wa kunibebea mizigo. Nilifunga nguo zangu usiku uleule, sikuona hata rangi ya khanga niliyofunga.

Nani aliyempelekea habari Bwana Afya? Wifi yangu. Nilijua baadaye. Yule aliyesema anapeleleza nyama, ndiye aliyekwenda ofisini kwake akamwambia kwamba mke wa kaka yake jioni anapapasa kuta. Alikuwa ananiona siku zote na mimi simwoni.

Ijumaa jioni Bwana Afya akaja. Hapo kwetu alikuwa amekatazwa, mzee angeweza kumtolea panga na hakuna ambaye angemlaumu. Walinisimulia kwamba alimpitia mzee shambani, akakaa naye huko kwa muda mrefu, na kwamba mzee alikuwa na panga lake mkononi muda wote. Mimi nilikuwa jikoni, sina habari. Mama mkwe akaniita kwa sauti ya kawaida kabisa nimletee beseni lililokuwa nje. Nikatoka. Nikahesabu hatua zangu, kumi na nne, mkono mmoja mbele kidogo kama ilivyokuwa desturi yangu. Nikaokota beseni, nikarudi.

"Mama," sauti ikasema nyuma yangu, "mbona umenipita?"

Alikuwa amesimama katikati ya njia, na shati lake jeupe, amenyoosha mkono wenye kipande cha papai. Nilikuwa nimempita mara mbili, kwenda na kurudi, kwa umbali wa kiwiko. Nilisimama na beseni langu. Nilimsikia mama mkwe akivuta pumzi mlangoni. Kisha, kutoka migombani, nikasikia mtu anakohoa. Alikuwa mzee. Alikuwa amewekwa huko aone bila kuonwa. Hakusema nami, asingeweza. Alisema na mkewe: "Mwanao apikiwe kama anavyosema huyu bwana." Mwanao, ndivyo alivyoniita. Nilikaa chini palepale kwenye tope nikalia.

Bwana Afya hakunibembeleza. Alianza kutoa amri. Maini, yapatikane kesho. Mayai yasipande lori. Papai, karoti, majani ya maboga na mawese, kila siku, jalala atalipitia mwenyewe. Na Jumatatu niende kliniki nikapimwe, kwa sababu, alisema, chakula ni chakula na kliniki ni kliniki, na mtu ambaye macho yake yamebadilika hakai nyumbani akitafuna karoti akingoja. Kikao cha Jumamosi hakikukaa tena. Mume wangu aliporudi alikuta mapapai mawili hayajauzwa, akadhani kuna msiba.

Sikumbuki ilikuwa siku ya ngapi. Nilikuwa nimekaa mlangoni jioni, nikamwona kuku anapanda kulala. Nikaona mguu wake, nikaona na ukucha. Nikatazama mpaka kuku wote wakapanda. Mtoto nilimzalia Lupepo, msichana.

Na yule mzee, tangu jioni ile hakupita tena uani kimya kimya. Giza likikaribia, alianza kuimba wimbo wa kanisani kwa puani, taratibu, ili mtu ajue yuko wapi. Macho yangu yalipona, yeye akaendelea kuimba. Hakuna aliyemuuliza, na hakueleza. Aliimba hivyo mpaka alipokufa.

Lakini Bwana Afya nilikuwa bado na deni lake la maneno. Lile nililosema kwa mama mkwe sikulifuta. Kila nilipotaka kulifuta niliona aibu, na yeye akaendelea kuja na kijiti chake, anasalimia, anachokoa, anaondoka. Halafu akahamishwa upande wa pili wa wilaya, nikashukuru Mungu.

Mtoto wangu alikuwa darasa la tano wifi yangu aliponiletea habari. Yeye alikuwa ameolewa Tukuyu. Akasema Bwana Afya amestaafu, amepanga chumba nyuma ya soko, hana mtu, na anatembea akipapasa kuta. Hospitali walimwambia ni mtoto wa jicho, yote mawili, na kwamba Mbeya kuna wa kumtoa. Hataki kwenda. Anasema anaona vizuri.

Nilifunga mchicha niliokwisha kuupika kwa mawese, nikachukua papai, nikashuka Tukuyu. Nilifika jioni. Sikupiga hodi. Nilizunguka nyuma ya chumba chake kwanza, nikaokota kijiti. Pakiti za sigara. Makaratasi ya mkate. Majani ya chai. Ganda hata moja hapana, ila mifupa.

"Nani huko jalalani?" sauti ikauliza dirishani.

"Mimi. Mkwe wa Lupepo."

 Akacheka, akakohoa, akaniambia nizunguke. Alikuwa amekaa kwenye kitanda, kifungo kimoja cha shati kimekatika, macho yana weupe katikati. Nikamwambia lile nililomsingizia. Nililisema lote, bila kulipamba. Alisikiliza akigeuza kiberiti vidoleni.

"Nilijua," alisema. "Wangenipeleka mbele ya mkuu wangu kama yangekuwa ya kweli. Umeleta nini, nasikia harufu ya mawese."

"Mchicha."

"Mchicha hauondoi mtoto wa jicho. Nilikufundisha nini?"

"Najua. Huo ni wa kula. Mbeya ndiko nitakakokupeleka."

"Mimi naona vizuri."

"Jioni pia?"

"Jioni pia. Hao wa Mbeya wanasema ni dakika chache tu, hupati maumivu. Nani amewahakiki? Mimi watu wanaosema haraka haraka siwaamini." Akaendelea. Alieleza kwamba anasoma gazeti, kwamba sokoni anakwenda peke yake, kwamba juzi tu alimtambua mtu toka mbali. Alieleza kwa adabu kabisa, kama mama mkwe alivyoeleza habari ya mapapai.

 Nilikata papai, nikanyoosha mkono, nikaliweka mbele ya uso wake, umbali wa kiwiko. Akaendelea kueleza. Taa ilikuwa inawaka. Mkono ukaanza kuuma, nikauegemeza kwa mkono wa pili, sikuushusha. Naye akafika kwenye habari ya gazeti mara ya pili, akasikia mimi sisemi, akapunguza sauti.

"Umenyoosha mkono, siyo?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Una nini?"

"Papai."

Akapapasa hewani mpaka akalipata. Akalishika muda mrefu bila kulila.

"Gari la kwanza la Mbeya," akasema, "siku hizi linaondoka saa ngapi?"

Nikamwambia saa kumi na mbili asubuhi, lakini kwamba mimi nalala hapa hapa Tukuyu kwa wifi, na saa kumi na moja nitakuwa mlangoni pake, maana sikumwamini.